Siku Glorimar Aliyonyamaza Uwanjani

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kuomba baraka. Kabla ya kahawa, kabla hata ya kunawa uso, mtoto husimama kwenye mlango wa jiko na kusema, "Nibariki, mama," nami hujibu, "Mungu akubariki, mwanangu." Akitoka kwenda shule anaomba tena. Akirudi anaomba tena. Hata akipiga simu, neno la kwanza ni hilo. Baba yangu, mzee Monserrate, ndivyo alivyonilea, na mimi ndivyo nilivyomlea binti yangu Glorimar. Tangu alipojua kusema hakuwahi kusahau, isipokuwa siku moja tu. Siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia ninyi watoto, na mama zenu pia, maana wivu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi.

Mimi ni mpishi wa shule hapa mjini Juana Díaz, Puerto Rico. Nikirudi kazini jioni, huanza kukaanga ndizi mbichi, na kutoka dirishani naona uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa la bati. Hapo ndipo Glorimar alipokulia, yeye na Yadira. Yadira ni mtoto wa komai Zoraida, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Tunaitana komai kwa sababu mimi ndiye mama wa ubatizo wa Yadira. Nilimshika mikononi padri alipommwagia maji. Watoto hao wawili walikula sahani moja na wakaugua tetekuwanga pamoja. Glorimar alikuwa na sauti kubwa mno. Akitaka kumwita Yadira hakuvuka barabara, alifungua mdomo tu, na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Watu walimpa jina la Tarumbeta.

Mimi mechi siwezi kuitazama. Moyo wangu haunipi ruhusa. Kila mtoto akiruka naona mguu uliovunjika, kila mpira ukirushwa naona jino lililong'oka. Kwa hiyo naenda uwanjani na taulo, najifunika uso, nasikiliza. Wenzangu hunicheka.

"Migdalia, umekuja kutazama au kusikiliza redio?"

"Niacheni," nawaambia. "Nasikia vizuri kuliko mnavyoona."

Na ni kweli. Kwa kusikiliza tu nilijua mpira uko wapi, nani anakimbia na nani kachoka. Zaidi ya yote, nilijua sauti ya mwanangu iko wapi.

Mwaka huo wasichana wetu wote wawili walichaguliwa kuingia timu ya taifa ya Puerto Rico, timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na minne. Mashindano ya nchi za Karibiani na majirani zake yalikuwa yanafanyika Ponce, karibu na kwetu, kwa hiyo sisi wa jirani tulilala nyumbani. Mtaa mzima ulichangamka. Baba yangu na wazee wenzake walitoa matari yao, wakayaanika juani ngozi zikaze, maana kwetu timu haichezi bila matari kulia jukwaani.

Kabla ya mashindano, kocha Iraida, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni hata akiwa kanisani, alikuja kufanya mazoezi kwenye uwanja wetu wa bati. Baada ya mazoezi nikawapelekea wasichana sinia la ndizi za kukaanga na parachichi. Kocha akalivuta sinia.

"Msile kwanza," akasema. "Sisi ni wafupi, tusidanganyane. Wenzetu wana wasichana ambao wakipiga chafya tu wanagusa kikapu. Kwa hiyo tutawakaba kwa akili."

Akapanga vipande vinne vya ndizi, kila kimoja kwenye pembe ya mraba.

"Hawa wanne wanalinda hapa karibu na kikapu, kila mtu na pembe yake. Huyu wa tano hana pembe." Akachukua kipande kingine cha ndizi, akakigandisha kwenye kipande cha parachichi. "Parachichi ni yule mfungaji wao hatari. Huyu wa tano anamfuata popote. Akienda kushoto, naye yuko. Akienda kunywa maji, naye ana kiu. Anamganda kama kupe."

Msichana mmoja akalinyakua lile parachichi na kulitia mdomoni. "Kocha, nimeshamkaba!"

Wakacheka wote, hata kocha. Kisha Glorimar akainua mkono. "Kupe ni mimi, kocha, siyo?"

"Kupe ni Yadira," kocha akasema. "Wewe uko hapa." Akagusa ndizi ya pembe ya nyuma. "Sikiliza, Glori. Kupe haoni kitu ila jezi ya mtu anayemfuata. Wapinzani watamwekea ukuta. Msichana mkubwa atakuja kimya kimya asimame njiani, ili kupe ajigonge na mfungaji apate nafasi. Wewe uliye nyuma unaona uwanja wote. Ukiuona ukuta unaita. Ukuta kulia! Ukuta kushoto! Yadira atageuka bila kutazama, kwa kukuamini."

"Yaani kazi yangu ni kupiga kelele?"

"Kazi yako ni kuwa macho ya mwenzako."

Sinia liliisha, lakini ile ndizi ya pembe ya nyuma Glorimar aliiacha palepale. Niliiona nilipokuwa nakusanya vyombo. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akifunga vikapu vingi mtaani, na Yadira ndiye aliyekuwa akimwokotea mipira.

Mechi ya kwanza tulicheza na Jamaika. Chini ya taulo langu nilisikia Glorimar akiita kama kawaida yake, "Ukuta kulia! Kushoto sasa! Pita nyuma yake!" na viatu vya Yadira vikilia sakafuni. Mfungaji wa Jamaika alikaribia kulia kwa hasira. Tulishinda, na matari ya baba yangu yakaanzisha wimbo wa palepale, jukwaa zima likaitikia, "Ku-pe! Ku-pe! Ku-pe!"

Asubuhi yake gazeti lilitoa picha kubwa ya Yadira akiwa amemganda yule mfungaji. Muuza mkate aliibandika ukutani dukani kwake. Nilikuwa nimemtuma Glorimar akanunue mkate, akarudi uso umemvimba.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Glori."

"Kuna mtoto dukani, mama, wa darasa la pili hivi. Kaniona, kaja mbio na baiskeli yake. Nikadhani anataka nimwandikie jina langu kwenye mpira. Unajua kaniambia nini? 'Dada, nishikie baiskeli, kupe yule anapita pale!' Nikashika! Nimesimama na baiskeli ya mtoto wa watu, Yadira anaandika jina!"

Nikataka kucheka, nikajizuia.

"Hajafunga hata pointi moja, mama! Hata moja! Mimi nimefunga, nimedaka mipira, nimeita mpaka koo limeniwasha. Kapigwa picha nani? Kupe! Mdudu wa ng'ombe!"

"Huyo ni mwenzako."

"Mwenzangu kwenye nini?"

Mara Yadira akaingia kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea. "Nibariki, mama wa ubatizo."

"Mungu akubariki, binti."

Mkononi alikuwa na ile picha, ameikata gazetini. Alikuwa akihema kwa furaha. "Glori, njoo uone! Angalia hapa pembeni. Hiki hapa ni kiwiko chako! Na wewe umo!"

Glorimar aliitazama ile picha muda mrefu. "Kiwiko," akasema. "Asante sana, malkia. Nitamwonyesha babu kiwiko changu."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Naongeaje? Nenda zako, watoto wanakusubiri na mipira yao."

Yadira akanitazama mimi, kisha akaondoka polepole na picha yake. Nilimwambia binti yangu kwamba maneno hayo hayafai. Akasema, "Ndiyo, mama," kwa ile sauti ya kuninyamazisha. Nikarudi kwenye sufuria zangu. Ninyi mama mnaosoma haya, mtoto akisema "ndiyo" ya namna hiyo, msirudi kwenye sufuria.

Mechi ya pili ilikuwa na majirani zetu wa Jamhuri ya Dominika. Hao tunapendana nao kila siku ila siku ya mpira. Uwanja ulijaa mpaka ngazini. Walikuwa na mfungaji mmoja mrefu, mwepesi kama karatasi, na wachezaji wawili wakubwa wa kumwekea ukuta. Nikaketi, nikajifunika taulo.

Mwanzoni sauti ya Glorimar ilikuwepo. Kisha jukwaa likaanza tena, "Ku-pe! Ku-pe!" na nikasikia sauti ya mwanangu ikipungua. Ukuta mmoja aliuita kwa kuchelewa. Mwingine aliuita kama mtu anayejisemea peke yake. Matari yalikuwa yanalia, ndiyo, lakini mimi nimezoea kumsikia mtoto huyo matari yakiwa pembeni ya sikio langu. Nikasikia viatu vya Yadira vikikimbia kwa kasi, kwa kasi sana, kuelekea upande wetu. Nikasubiri ile sauti.

Haikuja.

Nikasikia kishindo, halafu kilio kifupi, halafu matari yakakatika moja baada ya jingine.

Nilipotoa taulo, Yadira alikuwa chini, ameshika bega. Yule msichana mkubwa wa Dominika, maskini, alikuwa amepiga magoti kando yake akiomba msamaha, ingawa hakufanya kosa lolote. Alisimama tu mahali pake kama mchezo unavyoruhusu. Komai Zoraida aliruka viti vitatu kwa viatu vyake vya kisigino. Bega lilikuwa limeteguka. Daktari akalirudisha, akalifunga kwa kitambaa, akasema mashindano kwa Yadira yamekwisha.

Tulifungwa mechi hiyo, ingawa ushindi wa kwanza ulitosha kutuingiza nusu fainali. Kocha Iraida aliwakusanya wasichana pembeni, karibu kabisa na nilipokuwa nimesimama.

"Glori, ukuta ule hukuuona?"

"Niliuona, kocha."

"Uliita?"

"Niliita! Haki ya Mungu niliita! Ni matari, kocha. Matari yalimziba masikio."

Kocha akainua macho jukwaani. Wazee walikuwa wamekaa kimya, matari mapajani, baba yangu katikati yao. Kocha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Makelele yetu wenyewe," akasema.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilitangulia kuingia jikoni. Glorimar akaingia nyuma yangu, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Nikabaki nimesimama, kijiko mkononi, nikisubiri kuombwa baraka, kama mtu anayengojea kupiga chafya.

Nikaenda mlangoni kwake. "Glorimar, hujaomba baraka."

"Nimesahau."

"Nilikuwa nasikiliza, mwanangu. Sikukusikia ukiita."

"Ni matari, mama. Nimeshasema."

Nilihisi kwamba ni uongo. Lakini nilimwaza komai Zoraida, nikamwaza kocha, nikamwona mwanangu akivuliwa jezi mbele ya watu, nikaogopa. Sikusema neno zaidi.

Kesho yake, kabla ya nusu fainali, kocha alikuja jukwaani mwenyewe, kwa adabu, kofia mkononi. Akawaomba wazee wayaache matari nje. "Si kwamba hatuyapendi," akasema. "Lakini mtoto ameumia kwa kutosikia." Wazee hawakubisha. Baba yangu alilitia tari lake kwenye foronya ya mto, akalifunga fundo, akalishika mapajani mchezo mzima kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Siku hiyo Glorimar alipewa kazi aliyoililia. Akawa kupe. Nyuma alisimama msichana mwingine, mtoto mzuri mwenye sauti ya kifaranga. Jukwaa lilikuwa kimya kama msibani. Chini ya taulo nilisikia kila kitu. Nilimsikia mwanangu akijigonga kwenye ukuta, pu! akainuka, akakimbia tena, akajigonga tena. Wapinzani, Meksiko, hawakuwa na huruma. Halafu nikasikia sauti ya Tarumbeta ikipasuka, lakini safari hii ilikuwa ya woga.

"Niambieni! Sioni! Kwa nini hakuna anayeniambia?"

Maneno hayo yalinichoma, na nadhani yeye yalimchoma zaidi, maana hakuyarudia. Tulishinda kwa taabu. Hakuna aliyeimba.

Jumapili ilikuwa siku ya fainali, jioni, na tungecheza tena na Dominika. Asubuhi baada ya misa, baba yangu alikuja kwangu akiwa amevaa shati lake jeupe la kanisani, kofia kichwani, foronya mkononi.

"Twendeni kwa Zoraida," akasema. "Na wewe, Glorimar. Nina neno na yule mtoto."

"Babu, mimi nina kazi za shule."

"Kazi za shule hazitakimbia. Twende."

Tukavuka barabara. Yadira alikuwa kibarazani, mkono umefungwa shingoni, anajaribu kula wali wa mbaazi kwa mkono wa kushoto, nusu ya wali uko mapajani. Komai Zoraida alikuwa anamcheka na kumfuta. Baba yangu alipanda ngazi, akavua kofia. Mzee wa miaka sabini na kitu, mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Binti," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kwa nguvu kuliko wenzangu. Nilijiona kijana. Mikono yangu hii ndiyo iliyokuangusha." Akafungua fundo, akalitoa tari, akaliweka juu ya meza kando ya sahani. "Hili litakaa kwako. Sitalipiga tena."

"Hapana, babu…" Yadira akaanza.

"Acha niseme. Sitalipiga."

Glorimar alikuwa bado kwenye ngazi ya chini. Nilimwona akishika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili.

"Babu, usiombe radhi," akasema.

"Nyamaza kidogo, mwanangu, nazungumza na mwenzako."

"Babu! Usiombe radhi!" Sauti ile ya tarumbeta, mbwa wa jirani akabweka. "Sikuita! Niliuona ukuta. Nilimwona yule msichana akija, nikamwona Yadira anakimbia, nikafunga mdomo. Nilitaka ajigonge. Sikutaka aumie hivyo, nilitaka ajigonge tu, watu waache kuimba. Matari hayana kosa. Ni mimi."

Komai Zoraida akaweka chini taratibu kitambaa alichomfutia mtoto.

"Umesema nini?"

"Ni mimi, mama Yadira."

"Mtoto wangu angeweza kuvunjika shingo! Mtoto aliyekula kwenye sahani yako! Na wewe, komai, ulijua?" Akanigeukia, macho yamemjaa machozi.

"Nilishuku," nikasema. Nikainamisha kichwa, maana nilistahili.

Ndipo Yadira akasema, taratibu kabisa, "Mimi nilijua."

Glorimar akamtazama.

"Unadhani mimi kiziwi? Glori, siku ya sikukuu ya mtaa nilikuwa nimekaa katikati ya matari ya babu, karibu nipasuke kichwa, na wewe uko ng'ambo kule kwenye foleni ya maandazi ukaniuliza nataka la chumvi au la sukari. Nikakujibu la sukari. Matari gani yataweza kukuziba wewe?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilitaka useme mwenyewe." Akafuta pua kwa kitambaa cha bega. "Na nimekasirika. Usidhani sijakasirika. Bado nimekasirika hadi sasa hivi."

"Una haki."

"Na unajua kitu kingine? Unajua kwa nini mimi ni kupe? Kwa sababu siwezi kufunga. Hata nikipewa ngazi sifungi. Nikikuona wewe unavyofunga, tumbo linaniuma kwa wivu. Kila siku. Lakini mimi sikukuacha ujigonge."

Hapo Glorimar aliketi kwenye ngazi akalia, na baba yangu, ambaye hajui la kufanya mtoto akilia, akamvika kofia yake.

Tulikwenda kwa kocha saa ileile, mimi na yeye. Alisema yote, hakubakisha. Kocha Iraida alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Leo utaanzia benchi. Kabla ya mechi utawaeleza wenzako ulichofanya, kisha utapanda jukwaani uwaeleze wazee wale. Nitakurudisha uwanjani wenzako wakikutaka. Mimi peke yangu sitakurudisha."

Alifanya hivyo. Nilimtazama akipanda jukwaani, akisimama mbele ya mzee mmoja baada ya mwingine. Mzee wa mwisho akamwambia, "Basi tutapiga mara mbili, ili uite mara mbili." Wakacheka. Wakayatoa matari, baba yangu naye lake, ambalo Yadira alikuwa amemrudishia.

Komai Zoraida hakucheka. Alikaa safu ya mbele, hakunigeukia.

Nusu ya kwanza ilikuwa ngumu. Yule mfungaji mwepesi wa Dominika alipata nafasi kila mara, kwa sababu nyuma palikuwa na sauti ya kifaranga na mbele palikuwa na kupe mpya anayeogopa. Glorimar alikaa benchi kando ya Yadira, mtu na mwenzake, hawasemezani. Baadaye niliambiwa kilichotokea wakati wa mapumziko. Wasichana walikuwa wanatazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Yadira akasema, "Kocha, mrudishe Tarumbeta. Anaudhi, lakini tunamhitaji."

Nikajifunika taulo. Matari yakaanza, makali, kwa hasira ya siku mbili za foronya. Na juu ya matari, juu ya watu, juu ya kila kitu, nikaisikia.

"Ukuta kulia! Geuka! Pita nyuma, nyuma! Kushoto sasa, nakuona, niko hapa! Niko hapa!"

Kupe mpya alikuwa anageuka bila kutazama. Viatu vyake vilikuwa vinalia vizuri. Ukuta baada ya ukuta ulibaki umesimama peke yake bila mtu wa kuugonga. Baba yangu akapiga kwa nguvu zaidi, kwa makusudi, na sauti ile ikapanda zaidi, kama wanashindana. Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Nikatoa taulo. Nikamwona mwanangu nyuma ya mraba, hana mpira, mdomo wazi, kidole kinaonyesha njia ya mwenzake. Sikuona mguu uliovunjika wala jino. Nilimwona yeye tu.

Tulishinda. Wasichana wa pande zote mbili walikumbatiana, na yule mkubwa wa Dominika alimbeba Yadira kwa upande wa mkono mzima.

Watu walipotulia, kocha aliwaketisha wasichana sakafuni. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa sababu ndiyo niliyotaka kuwaletea.

"Mpango wetu ulikuwa rahisi," akasema. "Mmoja anafuata, wanne wanalinda. Lakini kilichoufanya usimame ni kwamba anayeona anamwambia asiyeona. Mtu akiona hatari inamjia mwenzake akanyamaza, hakuna haja ya kumsukuma, ameshamwangusha. Wivu hautakuja kukuambia, 'mpige mwenzako.' Utakuambia, 'nyamaza tu, sekunde moja.' Na baada ya sekunde hiyo utahitaji uongo wa kuifunika, na uongo huo utampata mtu asiye na hatia, kama mzee yule na tari lake. Ukiona wivu, Glori, useme mapema. Uwaambie wenzako, 'jamani, nina wivu leo.' Tutakucheka kidogo, basi, yataisha."

"Ndiyo, kocha," Glorimar akasema. Ile "ndiyo" ilikuwa nyingine.

Kesho yake gazeti lilitoa picha ya kupe mpya. Yadira aliileta jikoni kwangu, akaiweka mezani kwa mkono wa kushoto. "Haya, tazama pembeni," akamwambia Glorimar. "Safari hii mdomo umo." Wakacheka mpaka Yadira akashika bega akisema basi, basi, linauma.

Lakini kwa komai Zoraida haikuwa rahisi hivyo. Siku nyingi alipita mbele ya nyumba yangu akinisalimu mimi tu. Sikumlaumu. Glorimar kila alasiri alivuka barabara kumbebea Yadira mkoba, akapika naye, akafagia kile kibaraza, na Zoraida akimwangalia bila neno. Watoto wangu, kuomba msamaha huchukua dakika moja, lakini kuaminiwa tena huchukua muda, na muda huo ni lazima uufanyie kazi bila kununa.

Kisha ikaja asubuhi moja kama asubuhi zetu nyingine. Kahawa iko motoni, mkate uko mezani. Glorimar akasimama kwenye mlango wa jiko, mkoba mgongoni, akavuta pumzi.

"Nibariki, mama!"

Nikafungua mdomo kujibu. Sikuwahi. Kutoka ng'ambo ya barabara, dirishani kwake, komai Zoraida alikuwa ameshatangulia.

"Mungu akubariki, mwanangu! Na upunguze sauti, watu wamelala!"